Bluu imekuwa zambarau, logo ina ukungu, namba ni ya zamani: utatuzi wa matatizo ya chapa kwa kampuni ndogo

Wiki za mwisho za Juni, kabla ya Sabasaba kufunguliwa pale Kilwa Road, maduka ya uchapaji ya Kariakoo na Mnazi Mmoja hupokea malalamiko yale yale kila mwaka. Bango limetoka zambarau. Logo ina vipele. Fulana zimebeba namba ya simu ya mtu aliyeshaacha kazi. Mteja anamlaumu mchapaji, mchapaji anamlaumu dizaina, dizaina hapokei simu.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa maneno yale ambayo watu huja nayo dukani. Chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayotokea sana na kwenda kwenye ya nadra, na ukaguzi wa bure unatangulia matengenezo ya kulipia. Utaona mashine ya kuchapa inatajwa mwishoni. Si upendeleo kwa wenye mashine: kosa mara nyingi huwa limeshafika dukani likiwa ndani ya faili, na faili limekosewa kwa sababu kwenye kampuni hakuna anayejua lipi ndilo lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatafuta dalili yako, jibu hili: faili la kwanza kabisa la logo yenu, lile lililochorwa na dizaina, liko wapi sasa hivi? Kama jibu ni "ngoja niangalie WhatsApp", anza na dalili ya tano, kisha rudi hapa juu.

## Dalili ya 1: "Kaka, bluu yetu mmeifanya zambarau"

Hii huanza kama ugomvi wa rangi moja na huishia kuwa kadi, bango na gari kila kimoja na rangi yake.

Rangi haina namba. Inaongoza kwa mbali. Kampuni inajua rangi yake ni "bluu iliyokolea", basi. Kumwambia mchapaji hivyo ni sawa na kumwambia fundi cherehani akushonee saizi ya kawaida. Aliyetengeneza kadi aliikisia rangi kutoka kwenye picha, aliyetengeneza bango akaikisia kutoka kwenye kadi, na kila mmoja akapata bluu yake. Ukaguzi: fungua mafaili yote mawili, bofya sehemu yenye rangi, soma namba zake. Zikitofautiana, acha kutafuta mchawi.

Faili limetengenezwa kwa rangi za skrini. Simu na kompyuta huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, yaani RGB. Mashine huunda rangi kwa wino wa sayani, majenta, njano na mweusi, yaani CMYK. Zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi: kijani kinachong'aa, chungwa kali, na hasa ile bluu ya umeme. Bluu kamili ya skrini, yenye msimbo 0000FF, ikigeuzwa kuwa wino huvuta kuelekea zambarau kwa sababu majenta yake inaikaribia sayani. Kanuni ya haraka ya madizaina ni kuacha pengo la angalau 30 kati ya hizo mbili. Sayani 100 na majenta 65 itaonekana bluu. Sayani 100 na majenta 95, jiandae.

Canva ya bure hutoa PDF ya RGB. Kutoa ya CMYK ni huduma ya kulipia. Si vibaya kutumia Canva, ila ujue kwamba rangi zitageuzwa kwenye kompyuta ya duka wakati wewe umeshaondoka.

Kinachochapwa si kitu kimoja. Wino ule ule hukolea kwenye karatasi inayong'aa, hunywewa na kupoa kwenye karatasi ya letahedi, na hubadilika tena kwenye turubai la bango. Ndiyo maana namba za Pantone, yaani za mfumo wa wino uliochanganywa tayari kwa kila rangi, huja na herufi mwishoni: C kwa karatasi iliyopakwa, U kwa isiyopakwa. Usidai fulana na kadi vilingane kabisa. Dai kwamba mtu aliyesimama hatua mbili aone ni rangi moja.

Jua. Bango lililokaa nje Mbagala au Tegeta miezi mingi hupoteza njano na majenta mapema, sayani na nyeusi hubaki. Ndipo nyekundu inapogeuka pinki na sura za watu kuwa za bluu. Ukimwambia mchapaji "linganisha na lile la nje", unamwomba anakili ugonjwa. Linganisha na faili au na sampuli iliyotunzwa ndani.

Mashine. Kichwa cha kumwaga wino kikiziba utaona mistari ya mlalo, au rangi moja imekosekana bango zima. Omba wachape mistari yao ya majaribio mbele yako. Ni kazi ya dakika chache.

Tiba ni ukurasa mmoja wenye namba za kila rangi ya kampuni: CMYK kwa vya kuchapa, RGB na msimbo wake kwa vya mtandaoni, Pantone kama mnachapa vifungashio. Ukipata kazi iliyotoka vizuri, weka nakala moja kwenye bahasha, andika nyuma duka lililochapa, aina ya karatasi na tarehe. Hiyo ndiyo utakayokwenda nayo mara nyingine. Na unapokagua rangi, toka nje ya mlango. Taa za dukani hudanganya.

Simama hapa kama kazi ni ya maelfu, mfano maboksi au lebo za bidhaa. Usiidhinishe kwa picha ya simu. Lipia mtaalamu wa maandalizi ya uchapaji, upewe sampuli iliyochapwa, uisaini, ndipo mashine iwashwe.

## Dalili ya 2: "Kwenye simu iko safi, kwenye bango ina ukungu"

Ilitumwa WhatsApp kama picha. WhatsApp hubana picha ili zisafiri upesi. Logo ikishapita kwa bosi, kwa katibu na kwa dereva anayepeleka kazi, kilichobaki ni kivuli chake. Ukaguzi: angalia upana wa picha kwa piseli, gawanya kwa 300, utapata inchi inazoweza kuchapika vizuri. Logo yenye piseli 640 inatosha sentimita 5 na ushee. Kwenye kadi itapendeza, kwenye nusu ya A4 itaanza kuchoka. Bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200, hata ukikubali piseli 100 tu kwa inchi kwa kuwa linatazamwa kwa mbali, linataka picha ya piseli 3,346 kwa 7,874.

Tiba ya bure: bofya alama ya pini, chagua kutuma kama hati badala ya picha. Hati haibanwi.

Ilikatwa kutoka kwenye ukurasa wa Instagram. Hapo huna logo, una picha ya logo. Tena ile ya profaili imeshakatwa duara, pembe hazipo.

Vekta ya uongo. Vekta ni mchoro wa mistari, unaokuzwa bila kupoteza ukali. Mtu amechukua JPG, ameiweka ndani ya programu ya kuchora ya CorelDRAW, ameihifadhi kama CDR au PDF, akakukabidhi kuwa ndiyo asili. Jina la faili limebadilika, picha ni ile ile. Mpime: vuta karibu hadi asilimia 800. Kingo zikibaki kali kama wembe, ni vekta. Zikionyesha ngazi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye CorelDRAW unaweza pia kubadili mwonekano uone michoro ya mistari tu. Vekta ya kweli itaonyesha mistari ya herufi, picha itaonyesha fremu ya mstatili.

Asili haijawahi kuwepo. Logo ilitengenezwa kwenye Word siku ya kufungua biashara, na Word ile ikaenda na kompyuta yake.

Kwa sababu tatu za kwanza, mtafute aliyechora mwanzo na uombe faili la vekta: AI (ya Illustrator), CDR, SVG au EPS. Kwa ya nne, au kama mchoraji hapatikani, logo ichorwe upya. Programu zina kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta zenyewe, na kwa duara au nyota kinafaa. Kwa herufi kinaacha nundu na mabonde. Hapa mwachie dizaina aichore kwa mkono, mara moja tu, na mkubaliane kabla ya malipo kwamba utaondoka na vekta, PDF, na PNG za rangi kamili, nyeupe na nyeusi. Ukiondoka na JPG peke yake hujanunua kitu.

## Dalili ya 3: "Logo imekuja na kiboksi cheupe"

Fupi hii. JPG haiwezi kuwa na mandhari ya uwazi. Daima itabeba kiboksi chake. Tumia PNG yenye uwazi, au vekta. Kama ni PNG na kiboksi bado kipo, aliyeihifadhi hakuondoa mandhari, na kwenye Canva kitufe hicho kipo upande wa kulipia. Kama kiboksi kimeondoka lakini logo haisomeki juu ya fulana nyeusi, tatizo si kiboksi tena: hamna toleo jeupe. Litengenezwe.

## Dalili ya 4: "Maandishi yameruka, fonti si ile"

Kompyuta ya duka haina fonti yenu, kwa hiyo programu imeweka inayoijua yenyewe. Herufi zimepanuka, mstari umevunjika, namba ya simu imeshuka chini. Ukaguzi: fungua PDF kwenye simu ya mtu mwingine kabla ya kutuma. Ikiharibika huko, itaharibika dukani.

Tiba ni kugeuza maandishi kuwa michoro: Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator. Onyo: ukishafanya hivyo na kuhifadhi, maandishi hayahaririki tena. Hifadhi nakala mbili, moja ya kuhariri na moja ya kuchapa, na majina yaseme ipi ni ipi.

Kama faili halifunguki kabisa, huenda mmetumia CorelDRAW mpya kuliko ya duka. Uliza wanatumia toleo gani, kisha hifadhi kwa toleo hilo au la chini yake. Na kama kazi iko kwenye Word, usipeleke Word. Peleka PDF.

Sababu ya mwisho ni ya kwetu waandika Kiswahili. Fonti nyingi za mapambo hazina ile alama ya kwenye ng', kwa hiyo huacha pengo, kiboksi, au huimeza kabisa. Kampuni ya usafi inataka "nyumba ing'ae", bango linasoma "nyumba ingae", na hakuna kikagua tahajia kitakachopiga kelele kwa sababu kwa kompyuta yote mawili ni makosa. Soma sampuli kwa sauti, neno kwa neno, mtu wa pili akisikiliza. Fonti isiyo na ng' msiichague kuwa ya kampuni, hata iwe nzuri vipi.

## Dalili ya 5: "Kila mtu ofisini ana logo yake"

Ya mhasibu kwenye ankara ina kivuli. Ya kwenye gari haina. Ya tawi la Tegeta imevutwa upande ikanenepa. Dalili hii ndiyo mama wa nyingine zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Anza na ukaguzi huu, hauna gharama. Weka mezani kitu kimoja kimoja chenye jina la kampuni: kadi, letahedi, ankara, profoma, bahasha, kitambulisho cha mfanyakazi, fulana, mfuko. Gonga muhuri kwenye karatasi uiweke hapo. Chapa picha za profaili za WhatsApp, Instagram na Facebook, na picha ya kibao cha nje. Kisha tazama tu. Kwenye kampuni nyingi muhuri ndio mkongwe kuliko wote. Una anwani ya ofisi ya zamani na logo ya kabla ya logo.

Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna sehemu moja. Mafaili yamezagaa: kundi la WhatsApp, laptopu ya bosi, barua pepe binafsi ya katibu aliyeolewa akahamia Mwanza. Mtu akihitaji logo saa kumi na moja jioni anachukua inayopatikana, na inayopatikana ni ile iliyotumwa mara ya mwisho, si iliyo sahihi.

Ya pili ni majina. "Logo final", "logo final mpya", "logo final mpya ya kutumia". Neno "final" lipigwe marufuku ofisini. Anzeni jina kwa mwaka, mwezi na siku, kisha kazi, kisha matumizi: 2025-06-14_kadi_mbele_CMYK. Yatajipanga yenyewe kwa tarehe, na hakuna atakayebishana lipi ni jipya.

Ya tatu haisemwi sana, nayo ndiyo inayoniudhi kwa sababu wafanyakazi husingiziwa uzembe. Mtu alihitaji logo ya kuingia kwenye kichwa chembamba cha barua, akapewa ya mraba. Alihitaji nyeupe, ipo ya rangi tu. Akajitengenezea. Kabla hujamkaripia, uliza alitaka kufanya nini, kisha mpe toleo hilo likiwa rasmi. Logo moja yahitaji angalau sura nne: ya mlalo, ya mraba inayokaa ndani ya duara la profaili bila kukatwa, nyeupe, na nyeusi.

Ya nne, kuvuta. Kwenye Word ukishika kitasa cha ubavuni picha inatanuka. Shika cha kwenye kona. Hii inafundishwa mara moja na kwisha.

Matengenezo. Fungueni akaunti ya Google kwa jina la kampuni, si ya mtu. Nafasi ya bure ni GB 15, inayogawanywa na barua pepe na picha. Kwa logo na violezo inatosha na kubaki, kwa video za hafla haitoshi, ziwekeni kwingine. Ndani yake folda tano:

- 01 Logo
- 02 Rangi na fonti
- 03 Violezo: letahedi, ankara, profoma, bango la ofa
- 04 Kazi zilizochapwa, kwa tarehe
- 99 ZAMANI USITUMIE

Wote wapewe ruhusa ya kuona, wawili tu ya kubadili. Mmoja wa hao wawili ndiye mwenye funguo, na jina lake lijulikane. Si lazima awe dizaina. Katibu mwenye mpangilio anamshinda dizaina mwenye kipaji kwenye kazi hii.

Siku ya kwanza usifute kitu. Hamisheni vya zamani kwenye folda ya 99, mkae navyo mwaka mzima. Wekeni nakala ya pili kwenye diski isiyolala ofisini.

Kisha andikeni mwongozo wa ukurasa mmoja. Ule wa kurasa arobaini husomwa na aliyeuandika. Uwe na logo sahihi na udogo wake wa mwisho, namba za rangi, fonti mbili, na mambo matatu yasiyoruhusiwa. Uamue pia vitu vidogo vinavyofanya kampuni ionekane tatu tofauti: jina linaandikwa na "Ltd", na "Limited", au bila, simu inaanza na 0 au na +255, S.L.P. au P.O. Box; bei ni TSh 25,000 au 25,000/=. Sina ugomvi na chaguo lolote. Chagueni.

Simama hapa kama mafaili yalikuwa kwenye flashi iliyopita kompyuta za steshenari na sasa inaonyesha njia za mkato tupu. Usibofye hizo njia za mkato na usiifomati. Mara nyingi virusi vimeyaficha mafaili tu, hayajafutika. Programu safi ya kuua virusi na mtu anayejua kuonyesha mafaili yaliyofichwa wanatosha. Lakini kama diski inagonga kwa sauti ya tik-tik, ichomoe na usijaribu tena. Kila ukiiwasha unapunguza kitakachookolewa. Mpelekee mtaalamu wa kurejesha data.

## Dalili ya 6: "Namba ya kwenye bango haipokelewi"

Kwanza, ilikuwa laini ya mfanyakazi, naye kaondoka nayo. Laini ya kampuni isajiliwe kwa kampuni.

Pili, dunia imebadilika, karatasi haikubadilika. Novemba 2024 Tigo iligeuka kuwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Bango linalosema "lipa kwa Tigo Pesa" halimzuii mteja kulipa, ila linamwambia hakuna mtu aliyelitazama tangu hapo. Vivyo hivyo kwa ofisi iliyohama, barua pepe iliyofungwa na lipa namba iliyobadilishwa.

Tatu, msimbo wa QR umekufa. Tovuti nyingi zinazotengeneza misimbo bure hutoa ile inayopitia kwenye seva yao. Muda wa majaribio ukiisha, msimbo unaelekea kwenye tangazo la kulipia wakati umeshachapwa kwenye menyu zote. Tengeneza usiobadilika, wenye anwani yako moja kwa moja. Upime kwa simu mbili tofauti kutoka kwenye sampuli iliyochapwa, na usishuke chini ya sentimita 2.

Dawa ya zote ni daftari la mahali jina lenu lilipo. Kila kitu kilichochapwa au kupandishwa mtandaoni kiandikwe: nini, kiko wapi, kina namba gani, kilichapwa lini. Namba ikibadilika hutegemei kumbukumbu, unapita mstari kwa mstari. Kwa vya bei ndogo chapa upya. Kwa kibao na gari, stika iliyokatwa kwa saizi na kwa rangi ile ile ya nyuma inafaa. Kalamu ya maka haifai, hata kwa wiki moja.

Simama hapa kama jina la kwenye ankara halilingani na la kwenye risiti ya EFD. Hilo si la dizaina. Mwone mhasibu kwanza, kwa sababu mteja anayehitaji risiti hiyo kwa hesabu zake ndiye atakayerudi na maswali.

## Dalili ya 7: "Dizaina kaondoka na kila kitu"

Sababu inayoongoza ni kwamba hamkuwahi kumwomba. Mwandikieni kwa adabu, tajeni mafaili mnayotaka, mpeni siku za kutosha. Sababu ya pili, tusifichane, ni salio. Angalieni kama mlimmalizia hela yake. Dizaina anayedaiwa kuwa kaiba mafaili mara nyingine anadai yeye. Ya tatu: naye kompyuta yake ilikufa. Ugomvi wa kweli ni nadra.

Mafaili yakikosekana yanachorwa upya. Kinachouma ni akaunti. Ukurasa wa Instagram uliofunguliwa kwa namba yake na anwani ya .co.tz iliyosajiliwa kwa barua pepe yake vihamishwe wakati bado mnasalimiana. Anwani ya tovuti isipolipiwa kwa wakati inazimika pamoja na barua pepe zote za ofisi, na tangazo la kuisha muda litakwenda kwake, si kwenu.

Kazi inayofuata iwe na karatasi moja ya makubaliano: mafaili yapi yatakabidhiwa, haki ya kuitumia na kuibadilisha logo ni ya nani baada ya malipo, na fonti zilizotumika ni za bure au zina leseni. Simama hapa kama kuna vitisho au akaunti imezuiwa. Nenda kwa wakili. Wale wanaotangaza "tunarudisha akaunti ndani ya saa moja" watachukua hela, na pengine akaunti nyingine.

## Dalili ya 8: "Fulana imefuliwa mara mbili, logo imekwisha"

Uliza walitumia njia gani. Sablimesheni, yaani wino unaohamishiwa kwenye kitambaa kwa joto, hushika kwenye poliesta ya rangi nyepesi tu. Kwenye pamba huoshwa ikaisha. Kwa pamba, chagua uchapaji wa skrini kwa fulana nyingi zenye rangi chache, au DTF, yaani picha inayochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwa joto, kwa chache zenye rangi nyingi. Kwenye kudarizi, herufi za chini ya milimita 5 hujaa uzi na kutosomeka, kwa hiyo kauli mbiu ndogo chini ya logo iondolewe, ibaki logo. Faili la kudarizi huandaliwa maalumu. Mkilipia, liombeni nalo liingie folda ya 01.

## Dalili ya 9: "Kibao cha nje kimezima nusu" au "kimewekwa X"

Taa zikizima upande mmoja, mara nyingi ni kibadilishaji umeme kilichoungua au maji yaliyoingia msimu wa masika. Ukaguzi wako uishie kwenye swichi na kikata umeme ndani ya duka. Usipande ngazi, usifungue kibao. Ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kama kibao kiko karibu na nyaya za TANESCO, hata kusafisha kusifanyike bila kuwauliza wao kwanza.

X nyekundu maana yake kibao kiko kwenye hifadhi ya barabara. Hakuna tiba ya dizaini hapo. Fuatilia kwa mamlaka iliyoiweka, na kabla ya kutengeneza kingine ulize ofisi ya manispaa kuhusu kibali na mahali panaporuhusiwa.

## Dalili ya 10: "Kuna duka lingine lina jina na logo kama yetu"

Kwanza hakikisheni si nyinyi mnaofanana nao. Logo zilizonunuliwa kama violezo mtandaoni huuzwa kwa watu wengi, na huenda wote wawili mmelipia kile kile.

Pili, tazameni mlisajili nini BRELA. Cheti cha jina la biashara au cha kampuni si usajili wa alama ya biashara. Wengi hugundua tofauti hii siku ya ugomvi. Alama husajiliwa peke yake, kwa makundi ya bidhaa au huduma, na maombi hutangazwa kwenye jarida ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 60. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Tarehe ya kuhuisha iingizwe kwenye lile daftari la dalili ya sita.

Kusanyeni ushahidi kabla ya kusema neno: picha zenye tarehe, risiti za uchapaji wa zamani, faili la kwanza la logo. Kisha simameni, mwoneni wakili wa miliki ubunifu. Msiwapigie kwa hasira wala msiwaanike Instagram. Na kama mnauza pia Unguja au Pemba, usajili wa Bara hauvuki maji. Kule maombi hupelekwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, kwa ada yake na fomu zake.